Mmulimuli na Mgonjwa wa Jumapili

Chuo Kikuu, Dar es Salaam
11 Julai 1971

Babu yangu mpendwa, Mzee Kasian,

Shikamoo. Mimi ni mzima wa mwili na mwenye moto wa fikra, na natumaini barua hii itakukuta uani, mgongo umeuegemeza pale unapouegemeza kila jioni, kwenye shina la mmulimuli. Safari ilikuwa ndefu kuliko haki. Basi lilipasuka gurudumu kabla ya Mkata, tukamalizia njia ya Morogoro juu ya lori la mahindi, nami nikaitumia nafasi hiyo kuwaeleza abiria wenzangu maana ya kujitegemea. Mzee mmoja alinitazama kwa makini tangu mwanzo hadi mwisho wa hotuba. Tuliposhuka ndipo nilipoambiwa kuwa ni kiziwi. Mama anakusalimu kutoka Kilangali. Mke wa baba mdogo Damiano amejifungua mtoto wa kike, na wote wanangoja jina kutoka kwako.

Baada ya salamu, nina neno. Niliondoka kijijini bila kujua umeupokeaje uamuzi wa mkutano wa kuufanya mti wako mali ya kijiji. Muda wote ulikuwa ukichonga kijiti cha kuswakia. Wewe, uliyesimama juu ya pipa nje ya stesheni ya Kilosa kabla ya Uhuru ukawahutubia wakata mkonge mpaka meneja akakuita nyoka, leo unachonga kijiti mbele ya historia?

Nilichosema pale nakirudia hapa. Haiwezekani kijiji kiwe na shamba la pamoja, duka la pamoja na kisima cha pamoja, halafu mti unaotibu homa, tumbo na jino ubaki ndani ya ua wa mtu mmoja. Haiwezekani mgonjwa alazimike kubisha hodi, angoje mwenye ua akate gome kwa mkono wake, anywe kipimo cha kwanza papo hapo akitazamwa, na akipona arudi na kibaba cha unga na jogoo kuja kutamka kuwa amepona. Huu, Babu, ni ukabaila wa magome. Aliyekufundisha desturi hiyo alikuwa babu yako, na babu yako hakuwahi kusikia neno usawa.

Usidhani kwamba siuoni uzuri wa mti wenyewe. Nimekulia chini yake. Naujua mwezi wa Septemba, nchi yote imekauka na kuwa rangi ya jivu, nao mmulimuli unaangusha jani lake la mwisho na kujitanda manjano kutoka utosini hadi kwenye ncha za matawi, hata madereva wa malori ya Zambia wanapunguza mwendo barabarani. Naijua harufu yake asubuhi, nayajua makunde yake marefu yanayoning'inia kama fimbo za wachungaji. Ni kwa sababu ya uzuri huo ndipo nasema: kitu kizuri namna hii hakiwezi kuwa na mwenyewe mmoja.

Niandikie jinsi kamati inavyoutekeleza uamuzi.

Ni mimi, mjukuu wako na mwanamapinduzi,
Bibiana


Kijiji cha Ujamaa Tusonge, Mikumi
8 Agosti 1971

Kwa mke wangu Bibiana,

Marahaba. Nimeona umetia sahihi kama mjukuu na mwanamapinduzi. Zamani ulikuwa ukisaini mke wangu. Kama umeniacha, niambie mapema nijue la kufanya.

Sisi hatujambo. Mahindi ya shamba la pamoja yameingia ghalani. Tembo wa hifadhi walitutembelea wiki iliyopita wakala maboga ya Mwenyekiti Ulimboka, naye amewaandikia barua wakuu wa hifadhi kana kwamba tembo wanasoma. Mtoto wa Damiano aitwe Ida, jina la marehemu bibi yako. Liseme sasa, wasije wakampa jina la redioni.

Umeuliza kuhusu mti. Uamuzi unatekelezwa. Kila Jumamosi kamati inakuja na panga, inabandua, inapima kwa mizani ya duka la ushirika, na kila balozi wa nyumba kumi anachukua fungu la watu wake. Kila kaya inapata sawasawa, mgonjwa na mzima. Nilimuuliza Ulimboka mzima anapewa dawa ya nini, akanijibu kwamba mzima naye ni mwananchi.

Mimi sina neno. Ua wangu sasa una nafasi na utulivu. Zamani Jumapili, watu wakitoka kanisani, ungekuta mtu ameketi kwenye kigoda akingoja chungu kichemke. Anastazia kwa mfano, yule mjane anayekaa nyuma ya ghala. Tumbo lake lilikuwa likimsumbua kila Jumapili. Alikuja na karanga zake kwenye kitambaa, anakunywa kipimo chake, tunazungumza mambo ya zamani ya mashamba ya mkonge, jua linashuka, namuuliza tumbo vipi, anasema bado kidogo. Sasa Anastazia hahitaji kusumbuka. Fungu lake linapelekwa mpaka mlangoni kwake na balozi, ndivyo uamuzi ulivyosema. Kanisani namwona mgongo tu, maana akina mama wanakaa mbele. Sijui tumbo lake linaendeleaje. Karanga sijala tangu Juni, ila hilo si jambo la kuandika kwenye barua.

Nilikusudia kukueleza kuhusu mti, nimejikuta kwingine. Mti hauna raha. Mimi nilikuwa nakata upande wa mawio leo, upande wa machweo mwezi ujao, kisha nausiliba udongo wa kichuguu. Kamati inabandua ikiuzunguka wote.

Soma kwa bidii. Ule vizuri, umekonda.

Babu yako, ambaye hajui kama bado ni mume,
Kasian


Chuo Kikuu, Dar es Salaam
29 Agosti 1971

Babu yangu mpendwa,

Shikamoo tena, na pole kwa maboga ya Mwenyekiti. Hapa tu wazima. Tumemaliza mdahalo juu ya wasomi na jembe, nami nilizungumza mpaka mwenyekiti akaninyang'anya kipaza sauti. Nikaendelea bila kipaza sauti, na nyuma ya ukumbi walikiri kwamba walinisikia vizuri zaidi. Jina la Ida limepokewa Kilangali kwa machozi na vigelegele.

Barua yako imenifurahisha kwa sehemu moja na kunitia mashaka kwa nyingine. Kwamba kila kaya inapata sawasawa ni ushindi. Lakini umejaza ukurasa mzima kwa habari za mama mmoja na tumbo lake. Nililihesabu hilo kuwa ni huruma yako, nikalichukua kwa uzito. Ikiwa mwananchi ameumwa tumbo kila Jumapili kwa muda mrefu hivyo, basi ama gome halimfai, ama ugonjwa ni mkubwa. Nimezungumza na rafiki yangu anayesomea udaktari, akanipa vidonge vilivyomo ndani ya bahasha hii. Mpelekee Anastazia, ameze kimoja asubuhi na kimoja jioni baada ya chakula. Vikishindikana, binti yake ampeleke hospitali Kilosa. Sijui kwa nini hakushauriwa hivyo tangu zamani, na nasikitika kwamba umemwacha akiteseka kwenye kigoda.

Kuhusu kamati kuuzungukia mti, waambie wazingatie utaratibu. Uhuru bila utaratibu ni fujo, na fujo humfaa adui.

Naomba kitu kimoja, kisicho cha siasa. Ukichanua, nitumie ua moja ndani ya barua. Hapa mjini manjano ninayoiona ni ya rangi ya milango tu.

Wako katika mapambano,
Bibiana


Kijiji cha Ujamaa Tusonge, Mikumi
12 Septemba 1971

Bibiana,

Marahaba. Tuko salama, ingawa juma lililopita tusingeweza kusema hivyo.

Kamati ilipitisha kwamba fungu lisilotumika litarudishwa na kupewa nyumba kumi nyingine. Basi hakuna aliyekubali fungu lake liende kwa jirani. Watu waliokuwa hawaumwi hata ukucha walichemsha gome, wakanywa mpaka tone la mwisho, na kwa kuwa wamezoea kula chakula kwa kushiba, dawa nayo wakainywa kwa kushiba. Siku ya pili yake wageni wa wilaya walikuja kulitazama shamba la pamoja. Wakakuta majembe yamesimama mistari kwa mistari, yamechomekwa udongoni, na hakuna mkulima hata mmoja. Mwenyekiti Ulimboka alianza kusoma taarifa ya maendeleo. Alipofika kwenye neno mshikamano, alikunja karatasi, akaomba radhi, akakimbia. Mgeni mmoja aliniuliza wananchi wako wapi. Nilimwonyesha vichaka.

Unaweza kucheka. Mimi nilicheka mpaka nikaketi chini. Kisha nikarudi nyumbani nikautazama mti, kicheko kikaisha. Umebaki na ngozi upande wa mawio peke yake, upana wa mikono yangu miwili ikiwa pamoja. Kwingine kote ni uchi. Nimeusiliba udongo wa kichuguu na kuufunga magunia kama mtu aliyevunjika mguu. Mimulimuli mingine yote ya kandokando ya barabara imeshawaka manjano. Huu umesimama mkavu. Ndiyo maana sikutumii ua.

Vidonge nimevipokea. Sijavipeleka. Mtu akiponea vidonge vya Dar es Salaam, atarudi kumwambia nani kwamba amepona?

Anastazia nilikutana naye kisimani Jumanne. Nilikuwa sina haja ya maji. Alisema dawa ya kamati ni chungu kuliko ya Kasian, kisha akajitwisha ndoo akaondoka. Nimesikia kwa watu kwamba binti yake Agnesi, yule mwenye kiduka Magomeni pale Kilosa, anataka kumchukua akaishi naye kabisa. Atakuja kumfuata mvua za kwanza zikianza. Wanasema kuna chumba kizuri chenye sakafu ya saruji. Sina la kusema. Magomeni ni pazuri. Mtu mzima ana haki ya sakafu.

Barua hii namkabidhi dereva wa lori aniwekee posta huko Dar, ikufikie upesi.

Babu yako,
Kasian


Chuo Kikuu, Dar es Salaam
5 Oktoba 1971

Babu yangu mpendwa sana,

Shikamoo. Barua yako ya tarehe 12 Septemba imenifikia jana, ikinuka dizeli. Dereva uliyemkabidhi hakuwa akija Dar es Salaam. Alikuwa akienda Zambia. Ameniletea barua mwenyewe mpaka mlangoni, akaniomba radhi, akanisimulia kuwa ilikaa chini ya kiti chake tangu Mikumi hadi Ndola na kurudi. Nimekasirika, nimecheka, kisha nimeangalia kalenda na kuacha kucheka, maana wingu la mvua haliwezi kumsubiri dereva.

Usiku kucha nimezisoma barua zako zote upya, kuanzia ile ya Agosti. Nilichokiona humo sitakitaja, kwa kuwa wewe hukukitaja, na mimi ni mtoto niliyelelewa. Nitasema siasa tu.

Ndani ya bahasha hii kuna barua ya pili, kwa Ndugu Mwenyekiti Ulimboka na kamati yake. Mkabidhi leo hii, kabla hujakunja hii yangu. Nimemwandikia maneno haya, ili nawe uyajue:

“Ndugu Mwenyekiti, katika mkutano wa Juni nilisimama mbele yenu nikadai usawa, nanyi mkanipigia makofi. Leo nasimama tena, kwa kalamu, kudai usawa ule ule kwa maana iliyo kamili. Usawa wa ugali ni kila mtu ashibe. Usawa wa dawa ni kila mgonjwa apone. Anayemnywesha mzima dawa ya mgonjwa hajamwinua mnyonge. Amewaangusha wote wawili, nanyi mna ushahidi wa vichaka. Naomba azimio la mti lisomeke upya kama ifuatavyo. Mmulimuli ni mali ya kijiji kizima. Kwa kuwa ni mali ya kijiji, unahitaji mlinzi, na mlinzi awe Mzee Kasian, aliyeutunza kabla ya kamati kuzaliwa. Asibandue mwingine ila yeye. Mgonjwa aende mwenyewe uani, anywe kipimo cha kwanza papo hapo, asipelekewe mlangoni, maana gome lisilo na macho ya mtunzaji ni sumu. Na akipona, awajibike kwa umma kurudi na kusema kuwa amepona. Desturi hii niliiita ukabaila. Naiita sasa uwajibikaji, na neno hili ni zito zaidi.”

Ndivyo nilivyoandika. Akikataa, mwambie nitakuja na basi la wanafunzi wenzangu tujadiliane naye siku tatu. Atakubali.

Na wewe, Babu, kwa upande wako zingatia kanuni moja ya tiba ambayo rafiki yangu daktari amenithibitishia: mgonjwa aliyeanza dawa asihamishwe mji kabla hajamaliza. Sina zaidi.

Niambie mti ukoje. Niambie kabla ya kuniambia jambo jingine lolote.

Wako, ambaye hajakuacha,
Bibiana


Kijiji cha Ujamaa Tusonge, Mikumi
31 Oktoba 1971, Jumapili jioni

Kwa mke wangu Bibiana,

Marahaba, marahaba tena. Damiano alikuja na mtoto. Ida mdogo ana sauti yako. Alilia mkutano mzima na hakuna aliyeweza kumnyamazisha.

Mkutano wenyewe ulikuwa Ijumaa ya wiki iliyopita. Ulimboka aliisoma barua yako kwa sauti, na alipofika kwenye ushahidi wa vichaka, akaruka mstari. Watu wakamwambia arudi nyuma asome vizuri. Akasoma. Walicheka mpaka mkutano ukaahirishwa kidogo ili watu wafute machozi. Halafu azimio likapita, mikono yote juu, na mkono wa Ulimboka ulikuwa wa kwanza. Anasema alikuwa na mawazo hayo hayo tangu awali.

Umesema nikuambie mti kwanza. Haya. Upande ule wenye ngozi, matawi ya mawio, yalitoa vitumba Jumatatu, na Alhamisi yakafunguka. Upande wa machweo bado ni kijiti. Mti umechanua nusu, Bibiana. Ukisimama kwa upande mmoja ni mwezi wa njaa, ukisimama kwa upande wa pili ni arusi. Nimeishi miaka mingi nikiuona ukichanua mzima, na sikuwahi kukaa nikautazama kama ninavyoutazama sasa. Nyuki nao wamefika, wanaugombania upande mmoja. Nadhani utapona, taratibu.

Leo baada ya misa niliweka chungu jikoni, kama zamani. Sikumwambia mtu. Wingu limetanda juu ya milima tangu asubuhi, na Agnesi amekwisha kufika tangu jana, sanduku la mama yake limefungwa kamba. Nikakaa. Maji yakachemka, nikaongeza mengine.

Alikuja jua limesogea. Hakuwa na karanga. Alikuwa na kibaba cha unga na jogoo mwekundu ameshikwa miguu. Nilipoviona vitu hivyo moyo ulinishuka, maana naijua desturi. Unga na jogoo ni vya kuaga ugonjwa. Alisimama upande wa mti wenye maua, akaviweka chini, akasema:

“Kasian, nimekuja kusema. Nimepona.”

Nikamwambia namshukuru Mungu. Nikamuuliza amepona lini, kwa kuwa mtunzaji anapaswa kuuliza.

Akasema, “Mwaka juzi.”

Mke wangu, nilimtazama, naye akanitazama. Nikamuuliza mwaka juzi hadi leo alikuwa akija kunywa nini. Akaketi kwenye kigoda bila kukaribishwa.

“Ningekuuliza wewe,” akasema. “Dawa yako iliacha uchungu mwaka huo huo. Nilijua ni maji ya moto na jani moja juu, nikanyamaza. Nilisema moyoni, kama yeye anaona aibu kuniambia siumwi, na mimi nitaona aibu kupona. Mpaka kamati iliponiletea gome la kweli. Lile lilikuwa chungu, nikajua ninachokikosa.”

Sasa umejua nililokuwa sikuandikii. Nilijua tangu mwanzo wa mwaka ule kwamba tumbo lake halina kitu. Ningemkatia gome la nini? Gome ni la wagonjwa. Nilimchemshia maji.

Nikamuuliza kuhusu sakafu ya saruji. Akasema saruji ni baridi miguuni. Agnesi alikuwa amemfuata mama yake, amesimama mlangoni na mikono kiunoni, amesikia yote. Alisema tu, “Mama, nimepoteza nauli yangu,” kisha akacheka, akamchukua jogoo, akaenda jikoni kwangu kumchinja bila kuniomba kisu.

Tumekubaliana, mimi na Anastazia, na Padri Beda ataanza kututangaza Jumapili ijayo. Tangazo la tatu likiisha tutafunga ndoa kabla ya sherehe za miaka kumi ya Uhuru, ili Ulimboka asiwe na hotuba mbili siku moja.

Ndani ya barua hii kuna ua. Limesinyaa kidogo, nimelikandamiza kwenye kitabu cha sala. Na safari hii nitaipeleka barua posta mwenyewe.

Anastazia yuko hapa pembeni, mvua imemzuia kuondoka. Anaomba nikuulize kwa heshima zote: mke mkubwa anapenda karanga za kukaanga au za kuchemsha?

Ni mimi, mume wako,
Kasian


Chuo Kikuu, Dar es Salaam
12 Novemba 1971

Babu yangu,

Shikamoo, na shikamoo kwa aliye pembeni yako.

Ua limefika likiwa bado na manjano yake. Nimelibandika juu ya meza, mahali nilipokuwa nimebandika ratiba ya midahalo. Nitaikosa midahalo miwili, kwa kuwa nimekwisha kukata tiketi ya basi, na nitaketi karibu na dereva nihakikishe anaelekea Mikumi.

Nina hoja moja tu, na naomba iingie katika kumbukumbu za kijiji: ndoa isifungwe upande wa machweo. Tusimame upande wenye maua.

Za kukaanga.

Mke mkubwa,
Bibiana